Siku Saba Nikitafuta Mti wa Bunduki ya Bwana Walter

Tangu nifungue karakana hapa Kasulu, rafiki zangu mnaingia, mnatazama diploma yangu ukutani, kisha mnauliza lile lile: "Obedi, ni kweli ulizunguka majimbo matatu ya Marekani ukitafuta kipande cha mbao?" Ni kweli. Nimechoka kusimulia nusu nusu huku randa inanisubiri, kwa hiyo naandika yote mara moja, msome kwa zamu. Habari za tiketi na fomu naziruka, maana hazijawahi kumfurahisha mtu.

Ilikuwa mwaka 2015, mwanzo wa majira ya kupukutika majani.

Louisville: ahadi niliyoitoa mbele ya watu

Mnajua nilivyofika Louisville. Hakuna mjomba aliyenipeleka wala mchungaji aliyeniandikia barua. Nilibeba vifurushi ghalani miaka miwili, jioni nikaenda chuo, na nikatoka na diploma ya useremala. Darasa letu lilianza watu wengi, mwisho tukabaki wachache, na katika hao wachache mimi ndiye niliyetengeneza droo ambayo mwalimu aliionyesha kwa darasa lililofuata. Ndipo Bwana Walter akaniajiri.

Bwana Walter alikuwa na miaka themanini na moja, na karakana yake ilikarabati mbao za bunduki za zamani. Kila bunduki ya namna hiyo ina mti wake, yaani ile sehemu ya mbao inayoanzia begani na kubeba chuma hadi karibu na mdomo wa mtutu. Ujanani alikuwa katika timu ya shabaha ya jeshi. Bunduki aliyopewa huko alikariri namba yake kama mtu anavyokariri tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Baada ya miaka mingi aliiona namba ile ile kwenye mnada, akainunua. Lakini katikati hapo iliwahi kumilikiwa na mwindaji wa paa, na huyo mwindaji aliukata mti wake nusu kwa msumeno ili bunduki iwe nyepesi, akang'oa kitundu cha kulengea, yaani kile kichuma chenye tundu ambalo jicho huchungulia, na pete inayofunga mti kwenye mtutu akaitupa.

Klabu yake ilikuwa na shindano la bunduki za zamani za jeshi. Sheria ilikuwa moja: bunduki iwe kama jeshi lilivyoitoa, vipande halisi, bila nakala. Na jicho lake la kulia lilikuwa linaondoka. Daktari alimwambia kwamba ikifika baridi hataweza tena kulenga. Kwa hiyo lilikuwa shindano hilo au hakuna tena.

Nikasema mbele ya mafundi wote, "Bosi, siku hiyo utapiga ukiwa na mti halisi."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Obi, miti hiyo iliisha babu yangu akiwa hai."

"Babu yako hakunijua mimi," nikamjibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye maonyesho ya bunduki za kale pale pale Louisville. Kitundu cha kulengea nilikipata ndani ya kopo la biskuti, kimezikwa na skrubu, na pete nikaipata meza ya pili. Miti ilikuwa mingi, yote ikiitwa halisi. Nilikuwa naingiza pua ndani ya mfereji wa mtutu na kunusa. Mti wa zamani hunukia mafuta ya kitani na jasho la watu, ila hii ilinukia duka.

"Hii ni nakala," nikamwambia muuzaji mmoja mwenye ndevu hadi kifuani.

"Umejifunza wapi wewe?"

Nilikuwa natembea na nakala ya diploma yangu iliyofunikwa kwa plastiki. Nikaiweka mezani. Aliisoma yote, akacheka hadi akaketi, kisha akainama na kuniambia taratibu kwamba mjini Gahanna, nje kidogo ya Columbus, kuna mwalimu mstaafu mwenye mti halisi chini ya kitanda. Mnaona faida ya elimu.

Louisville hadi Columbus: tambi zenye mdalasini

Niliondoka Ijumaa. Basi lilipofika Cincinnati dereva alishuka, akazunguka gurudumu la nyuma mara mbili, akapanda tena na kututangazia kwamba tutangoja basi lingine. Tukangoja saa nne.

Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mnene, mweusi kama sisi, mzaliwa wa hapo hapo. Aliponiona natafuna karanga alinivuta mkono. "Mwanangu, huwezi kupita mji huu na karanga." Akanipeleka mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Tukaletewa tambi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama ya kusaga, na juu yake jibini iliyokunwa, rundo la manjano kama nyasi kavu. Nikaonja. Ndani ya nyama mlikuwa na mdalasini! Ni kama pilau iliyopotea njia ikalala kwa Waitaliano. Nilimaliza sahani na kuifuta kwa mkate.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kutafuta mti."

"Ohio?" Akatazama dirishani, miti imejaa kila upande. "Basi huwezi kuukosa."

Gahanna: Mama Neema na kitako cha bunduki

Mwalimu mstaafu aliitwa Bwana Harold. Usiku nililala kituoni Columbus, na Jumamosi asubuhi aliuvuta mti kutoka chini ya kitanda, umefungwa blanketi. Ulikuwa mjozi wa kahawia iliyoiva, unaokaribia mninga wetu kwa rangi, mchafu, wenye mikwaruzo, na ubavuni ulikuwa na mihuri miwili ya mkaguzi wa jeshi iliyogongwa ndani ya mbao. Mihuri hiyo ndiyo ushahidi. Bila mihuri, mkaguzi wa shindano angeuhesabu kama mbao yoyote. Nilinusa. Kitani na jasho. Nikajizuia nisipige kelele, nikalipa bei aliyoitaja.

Nilikuwa nimepanga kulala kwa Papa Byamungu, Mkongo wa Uvira tuliyesali naye Louisville kabla hajahamia Gahanna na familia yake. Nilipofika jioni alikuwa kazini, ghalani, zamu ya usiku, hivyo nikapokelewa na mkewe, Mama Neema. Alinikumbatia, akacheka, kisha akaona blanketi.

"Ile iko nini mu blangeti?"

"Ni mti tu, mama. Kazi yangu."

Akafunua pembe moja. Kicheko kikakatika.

"Hapana. Hii minajua. Hii ni kitako ya mbunduki. Haiingie mu nyumba yangu."

"Mama, haina chuma. Haiwezi kupiga."

"Haiwezi kupiga?" Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto. "Kwetu balikuwa banapiga batu na hiyo hiyo kitako. Haikuomba risasi. Weye Mtanzania, vita munasikiaka ku radio."

Nikaifunika tena ile pembe. Binti yake Neema akasema kwa Kiingereza kwamba gereji ni sehemu ya nyumba lakini si nyumba. Mama Neema akafikiri, akakubali. Nikaulaza mti gerejini, juu ya meza ya zana, nikauhakikishia kwamba kesho tunaondoka. Tulikula bugali na sombe, yaani kisamvu chetu, na dagaa waliotoka mbali. Chakula kilikuwa kitamu, ila mara mbili nilimwona mama akiutazama mlango wa gereji.

Asubuhi tulikwenda kanisani. Papa Byamungu alirudi kutoka zamu wakati tunajiandaa, akasema atalala. Ibada ilianza saa tatu na nusu; kwaya tatu ziliimba, kila moja ikaombwa irudie, na wageni tukasimamishwa kujitambulisha. Nilitaja diploma yangu, watu wakapiga makofi. Tulirudi saa nane mchana.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi, na harufu ya vanishi ilitufikia barabarani.

Papa Byamungu alikuwa amesimama juu ya mti wangu, msasa mkononi, uso unang'aa kuliko wa bwana harusi. Mti nao uling'aa. Mikwaruzo ilikuwa imeisha. Mihuri yote miwili ilikuwa imeisha pia, na ubavu ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Bon, ndugu, angalia! Nilikutengenezea. Mgeni anakuja na kitu chafu, unamuachilia aende nayo vile? Haya iko." Akapitisha kiganja. "Miaka sita mikono yangu haigusi mbao. Ku Uvira nilikuwa na karakana, bafundi bane. Hapa ni makartoni tu, makartoni tu."

Nikausogelea ubavu, nikaitafuta mihuri kwa kidole.

"Na ile mihuri ya basoda niliitosha yote," akaendelea, akimaanisha mihuri ya askari aliyoitoa, sauti ikashuka. "Mama Neema hakulala. Minarudi kazini asubuhi, namukuta amekaa tu. Donc nikasema, wacha niitoshe vita mu hii mti. Ibakie mti."

Siku sita tu zilikuwa zimebaki kabla ya shindano. Mti wa miaka themanini ulikuwa umeuawa kwa msasa wa kusugulia milango. Maneno yalinijaa mdomoni, na mnajua maneno yangu yakitoka yanavyotoka. Kisha nikaiona mikono yake. Alikuwa ameishika kama mtu anayengoja kusahihishiwa daftari. Na kazi yenyewe, nawaapia kama mtaalamu, ilikuwa safi. Msasa ulifuata nyuzi za mbao, vanishi haikuwa na tone hata moja. Mimi mwenye diploma nisingeiboresha.

"Asante sana, Papa," nikasema. "Ni kazi ya fundi." Hilo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na mama yangu, hapa Kasulu.

Mama Neema akaja mlangoni, akautazama mti kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na kitenge chenye ndege wa kijani. "Blangeti ni mbaya. Funga na hii." Ukaingia ndani, mti ule, ukalala sebuleni usiku huo, umevaa kitenge.

Nikampigia Bwana Walter nikamweleza. Akasema, "Kuna mtu mmoja tu mwingine. Anaishi Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo. Lakini hauzi, Obi. Nilimwomba mara tatu."

"Hajaombwa na mimi," nikasema.

Columbus hadi Buffalo: mlinzi wa Cleveland

Cleveland tulibadilisha basi. Hebu fikirini: mtu mweusi mrefu, kituo cha mabasi, na mgongoni kitu kirefu kilichonenepa upande mmoja, kimefungwa kitenge. Mlinzi alinisimamisha kabla sijapiga hatua kumi.

"Ni nini hicho?"

Ningeweza kusema ni gitaa. Ezekieli, mwenyeji wangu wa Buffalo, baadaye aliniambia ningesema gitaa. Lakini sikuzaliwa kuogopa ukweli. "Ni mti wa bunduki ya zamani. Ni mbao peke yake. Hauna chuma."

Neno bunduki lilitosha. Watu wakasogea. Aliniambia niuweke sakafuni na nirudi nyuma, nikafanya hivyo polepole, mikono ikionekana. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mwingine. Kitenge kilifunguliwa kwa ncha za vidole. Nikaomba ruhusa ya kutoa karatasi mfukoni, nikatoa diploma. Mkubwa yule aliisoma, akautazama mti, akaugeuza.

"Nani amepaka vanishi hii?"

"Fundi wa Uvira."

"Uvira iko wapi?"

Nikamweleza ziwa, mlima, mpaka. Akaniambia anapaka vanishi boti yake kila mwaka na haijawahi kutoka namna ile. Akaniruhusu. Basi langu lilikuwa limekwishaondoka. Nilingoja saa tano kwenye benchi, nikila andazi lenye tundu lililokauka.

Ezekieli alinipokea Buffalo. Ni Mrundi aliyekulia kambini hapa kwetu. Wakubwa mnamkumbuka, alikuwa akija kufyatua matofali kwa baba. Sasa anafanya kazi kiwandani Tonawanda na amepanga nyumba Kenmore, kijiji kilichoshikana na mji. Alinitazama nikishuka, macho mekundu, kitenge mgongoni.

"Karibu, mwenyeji," akasema. "Zamani mlituita wakimbizi. Leo nani ameshuka na mzigo kichwani?"

"Uko mgongoni, si kichwani."

"Subiri, bado hujafika kwangu. Kuna ngazi."

Kwake nilikula maharage na ndizi, nikalala kama gogo.

Tonawanda: mtu asiyeuza

Mtu asiyeuza aliitwa Bwana Stan, mstaafu wa kiwanda kile kile cha Ezekieli, mfupi, mwenye shingo ya fahali. Alitufungulia kwa sababu alimjua Ezekieli. Mti wake ulining'inia ukutani kwa misumari miwili. Nilipousogelea nilielewa kwa nini mtu angeuomba mara tatu: mihuri miwili, mizima, na mafuta ya kitani yameingia hadi moyoni. Lakini shingoni, pale mkono unaposhika, kulikuwa na ufa mrefu kama kidole.

"Siuzi," alisema kabla sijaketi. "Wote wanakuja, wanataja bei. Mimi nina bunduki ya aina hiyo hiyo, haina mti. Nikiuza huu nitabaki na bomba."

"Mbona hujaufunga kwenye bunduki yako?"

"Una ufa. Nikipiga, utapasuka. Na ni mchafu. Mke wangu haupendi ukutani."

Nikamtazama Ezekieli. Nikafungua kitenge.

Bwana Stan akainuka. Aliuchukua mti wa Papa Byamungu, akaupeleka dirishani, akaugeuza kwenye mwanga. Akamwita mkewe. Mkewe akapitisha kidole kwenye ubavu laini, pale palipokuwa na mihuri.

"Bwana Stan," nikasema, "huu ni mjozi halisi wa wakati ule ule. Sikufichi kitu: mihuri yake imefutwa, hauwezi kuingia shindano la vitu halisi. Lakini ni mzima na una nguvu. Wako una mihuri lakini umepasuka. Unashindana wewe?"

"Mimi? Nataka kupiga makopo na mwanangu."

"Basi tubadilishane."

Alinikodolea macho. "Wewe utafanya nini na uliopasuka?"

Nikaweka diploma mezani. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliisoma, akanishika mkono, mkono wa kiwandani, ukanisaga mifupa. Nilipotaka kuondoka mkewe alikuwa bado ameshika kitenge. Alidhani ni sehemu ya mapatano. Nikaona haya kumnyang'anya. Jioni nilimpigia Mama Neema kumwomba radhi. Alicheka hadi akakohoa. "Muzungu avae ndege bangu! Wacha avae." Kisha akauliza, "Na ile mti ilienda wapi?" Nikamwambia: kwa mtu atakayepiga makopo na mtoto wake. Akasema, "Bon."

Louisville tena: ufa

Nilirudi Alhamisi, mti umefungwa koti langu mwenyewe, mimi nikitetemeka kwa baridi. Sikulala kwanza. Niliyafukuza mafuta ya zamani ndani ya ufa, nikaingiza gundi kwa uzi mwembamba, nikapitisha kijiti cha mjozi kutoka ndani, mahali jicho halifiki, nikaubana kwenye jiliwa hadi kesho yake. Ijumaa nilikivusha chuma juu ya mshumaa kikashika masizi, nikakilaza ndani ya mti, nikakiinua. Palipokuwa na alama nyeusi ndipo palipogusa, nikanyoa kwa patasi unene wa ukucha, nikarudia. Nilirudia mara nyingi hata mikono ikawa myeusi hadi viwikoni. Mafundi waliokuwa wamecheka walikuwa wakinipitia mmoja mmoja, wakisimama kutazama, wakiondoka.

Jumamosi mkaguzi wa shindano alivaa miwani miwili. Aliangalia kitundu, pete, mihuri. Akapapasa mti wote, shingo na tumbo, akageuza, akapapasa tena.

"Halisi," akasema. "Na haujawahi kuguswa."

Bwana Walter akanitazama. Ningenyamaza, ingepita. Lakini kazi ambayo fundi anaificha ni kazi anayoionea haya, na mimi sikuwa na la kuonea haya. "Umeguswa," nikasema. "Ulikuwa na ufa hapa. Nimeuziba juzi." Nikaweka kidole.

Akainama, akatumia lenzi. Hakuuona. Akasugua kwa ukucha, hakuuhisi. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yetu. Mwishowe akainuka. "Ukarabati unaruhusiwa," akasema. "Nani amefanya?"

"Mimi, Obedi, fundi mwenye diploma." Akaniandika jina daftarini mwake, na najua hakuna jina lingine kutoka Kasulu nzima ndani ya daftari lile.

Bwana Walter alilala kifudifudi kwenye mkeka. Mimi nilikaa nyuma yake na darubini. Alipiga risasi kumi, taratibu, akipumua kati ya moja na nyingine. Nane ziliingia ndani ya duara jeusi. Hakushinda, alikuwa wa nne kati ya watu kumi na mmoja, na wote waliomtangulia wangeweza kuwa wajukuu zake.

Nikainama. "Bosi, nane!"

"Nane?" akasema bila kugeuka. "Obi, lile duara jeusi lilinipotea baada ya risasi ya tatu. Nilikuwa naona ubao mweupe tu, na ukungu."

"Sasa ulikuwa unalengaje?"

Akaugusa mti. "Shavu lilikumbuka mahali lilipokuwa linakaa."

Msimamizi wa uwanja akatangaza bunduki zifunguliwe na watu wainuke. Wapigaji wote wakafungua bunduki zao, wakainuka, wakajipangusa magoti. Bwana Walter alifungua yake, akaithibitisha kuwa tupu, kisha akabaki amelala pale pale, shavu juu ya mti. Msimamizi alimtazama, akaitazama saa yake, akaenda kusimama mbali.